Farasi Arobaini wa Papa Karante

Kindu haina farasi. Nasema mapema ili tuelewane. Nina miaka hamsini na tisa, nimezaliwa Mikelenge, nimefungua injini ya kila gari lililowahi kushushwa kwenye treni hapa, na farasi nimemwona kwenye kalenda tu. Lakini kila mteja anayesukuma gari lake mpaka karakana yangu anataka farasi. Anataka kujua gari lake lina wangapi, la jirani lina wangapi, na mimi nitamwongezea wangapi kabla ya Jumamosi.

Wananiuliza mimi kwa sababu ya jina langu. Jina nililopewa na baba ni Tambwe. Jina nililopewa na mji ni Papa Karante, kwa ile karante ya Kifaransa, yaani arobaini. Ukutani pangu kumeandikwa kwa rangi nyekundu: GARAGE KARANTE, TUNAONGEZA NGUVU. Nilipaka mwenyewe, na kila mwaka kabla ya Noeli naipaka upya. Sasa nitaeleza jinsi ukuta huo ulivyokaribia kumkosesha mwanangu mke, na mtu asinicheke kabla sijamaliza.

Ilianza wakati wa vita, mwaka wa tisini na tisa. Treni ilikuwa haiji tena. Chumvi iliingia mjini kwa baiskeli, na magari machache yaliyobaki yakitembea yalikuwa ya watu wenye bunduki. Asubuhi moja komanda akaja kwangu na jeep yake, akashuka, akalipiga teke gurudumu.

"Fundi, hii jeep iko muvivu. Kesho asubuhi nataka uwe umeiongezea shevo makumi ine."

Shevo ndio hao farasi. Jeep yenyewe, siku ilipotoka kiwandani, ilikuwa nao kama sabini, na wengi wao walikuwa wameshakufa njiani.

"Makumi ine, mon commandant?"

"Makumi ine. Ikipunguka moja, utajaza pale weye mwenyewe."

Nilikuwa na spana saba, nyundo, patasi, na mke mwenye mimba. Vipuri havikuwepo hata vya kuota. Nikazunguka ile jeep mpaka jua likapanda, nikitafuta pa kuwaweka farasi arobaini. Mwisho nikalala chini yake, nikakata silansie, lile kopo linalonyamazisha moshi wa injini, nikaunga mahali pake bomba la maji lililookotwa stesheni, limenyooka toka mbele mpaka nyuma. Kisha nikatoboa boksi ya hewa kwa patasi. Basi. Sikuwa na jingine la kufanya.

Komanda alipowasha, njiwa wote wakaondoka kwenye paa la kanisa na hawakurudi mpaka jioni. Komanda uso ukamfunguka, akacheka kwa furaha.

"Sikia! Sikia shevo!" akapiga kelele juu ya kelele. "Iko ngapi?"

"Makumi ine, mon commandant. Makumi ine na mbili, kama essence iko ya muzuri."

Essence ni petroli, na hao wawili wa mwisho sijui niliwatoa wapi. Mtu akiogopa anakuwa mkarimu. Komanda akanikumbatia, akanipa makopo mawili ya sardini, akaenda zake, na mji mzima ukamsikia akienda.

Ukweli ni huu, na kila fundi anaujua hata kama hausemi. Ukibadilisha eshapema, lile bomba la kutolea moshi, gari linapumua vizuri kidogo. Nasema kidogo. Kwenye jeep kama ile, labda unapata farasi watatu, wanne ukiwa na imani kubwa. Wale wengine wote ni kelele. Masikio yanasikia, yanakiambia kichwa kwamba sasa tunakwenda mbio, na kichwa kikiwa cha komanda hakiulizi mara ya pili.

Faida moja ilipatikana ambayo sikuipanga. Jeep ile ikawa inasikika toka mbali. Ikiwa bado upande wetu wa mto, inasubiri kivuko, watu wa Alunguli ng'ambo walikuwa wameshaisikia, na kuku, mbuzi na vijana walikuwa wameshaingia kwenye mashamba ya mihogo. Philomène, mke wangu, amewaambia watu miaka yote kwamba nilifanya kusudi. Sikufanya kusudi. Niliogopa kufa.

Vita vikapita, komanda akapotelea huko makomanda wanakopotelea, jina likabaki. Na mimi nililipenda. Nitajificha nini? Mafundi wengine wa Kindu walikuwa wanaitwa kwa majina ya baba zao.

Mimba ile ya Philomène ilikuwa Joël. Leo ni muuguzi, ana kituo chake cha afya Alunguli, anavuka mto kila siku kwa mtumbwi, na mwaka jana akaanza kuvuka hata siku za mapumziko. Nikamwambia mama yake kwamba huko hakuna mgonjwa wa kila Jumapili. Kumbe kulikuwa na Naomie, binti wa Edouard anayeuza vocha za simu karibu na kivuko. Msichana mwenye akili, mcheshi, na anamwangalia mwanangu kama mtu anayemfaa. Nilifurahi mno. Tukapanga siku, tukavuka: mimi, Philomène, Joël, msemaji wetu, mbuzi mmoja, na kitenge cha shangazi.

Hicho kitenge ndicho chenye kazi. Kwa watu wale, baba anaweza kupokea mbuzi kumi na bado hakuna kilichofanyika. Shangazi wa binti akichukua kitenge na kukifunga kiunoni, ndoa ipo. Akikiacha mezani, rudini kwenu. Na shangazi wa Naomie ni mama Geneviève, dada mkubwa wa Edouard, mwanamke mrefu aliyefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini. Katika nyumba ile Edouard anacheka na Geneviève anaamua.

Msemaji wetu alitaja majina yetu vizuri. Geneviève akainua mkono.

"Huyu Tambwe, njo ule Karante?"

Msemaji, maskini, akatabasamu akidhani tunasifiwa. "Njo yeye mwenyewe, mama! Fundi mukubwa wa Kindu!"

"Basi kitenge yenu mutarudia nayo."

Mbuzi peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna. Geneviève akasimama, akatuelekea kama tuko darasani.

"Mwaka wa tisini na tisa, mwezi wa saba, huyu ndugu yangu alikuwa na baiskeli. Jeep ya komanda ilimufukuza kwa barabara ya Kalima, ikamufikia. Wakamubebesha mizigo miezi munane kule kwa pori. Alirudia hapa na kilo makumi ine na goti moja. Ile jeep, mbele ya huyu muntu kuishika, ilikuwa haifikie hata mbuzi. Nani aliiweka shevo makumi ine? Yeye! Na anajisifu kwa ukuta!"

"Yaya, wacha," Edouard akasema polepole, akiangalia miguu yake. Yaya ni dada mkubwa. "Ile maneno ni ya zamani."

"Nyamaza. Weye njo ulichukuliwa, haujue kitu."

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote nilisikia kwamba jeep ile ilichukua watu, lakini hakuna aliyewahi kusimama mbele yangu na mtu mwenyewe pembeni, na goti lake.

"Mama," nikasema, "ile bomba haikuongeza kitu. Ilikuwa makelele tu."

"Haikuongeza kitu?"

"Makelele tu."

"Sasa juu ya nini umeandika kwa ukuta yako kama unaongeza nguvu?" Akaninyooshea kidole. "Ao ukuta yako inadanganya, ao kinywa yako. Chagula."

Nyuma ya pazia Naomie alikuwa analia. Joël aliniangalia, na sijawahi kumwona mwanangu akiniangalia namna ile, kama mgonjwa anayemwangalia daktari. Nikasema nitaonyesha. Nikasema nitaonyesha kwa gari, hapo hapo Alunguli, kwamba eshapema ni bure.

"Onyesha vile tunaonyesha hesabu," akasema Geneviève. "Mbele ya watu wote, na hatua zote."

Gari nilikuwa nalo tayari, au tuseme Djo alikuwa nalo. Djo ni kijana anayenunua mawe ya madini kule Kalima, na wiki ile alikuwa amepokea kwenye treni gari la mbio toka Lubumbashi: jekundu, milango miwili, tumbo limelala chini. Mjini kwetu gari hilo linakwenda kwa unyenyekevu. Kwa sababu ya mashimo, wamama wenye mabeseni kichwani wanalipita wakiliangalia kwa huruma. Lakini Djo hakuwa na neno na mashimo. Alikuwa na neno na farasi. Gari lilikuwa nao mia moja na arobaini, akaona hawatoshi kwa mtu wa cheo chake.

Aliniletea makatoni manne ya vipuri toka Dubai. Kila katoni liliandikwa idadi ya farasi walio ndani. Filta ya hewa, kumi na tano. Eshapema ya chuma king'aavu, nene kama paja, ishirini. Nyaya nyekundu za buji, zile plagi za kuwasha injini, kumi na wawili. Na kaboksi ka kuchomeka chini ya usukani, thelathini na watano. Nikajumlisha: themanini na wawili. Kulikuwa pia na kibandiko chenye picha ya moto, cha kubandika ubavuni. Hicho hakikuandikwa namba yoyote, na ndicho pekee ambacho hakikudanganya.

"Muzee Karante, unifungie yote," Djo akasema.

"Nitakufungia Alunguli, Jumamosi, kwa mulima ya kivuko. Utaipima gari mbele ya watu."

Djo akasikia "mbele ya watu" na hakuuliza zaidi.

Jumamosi ile gari la mbio liliingia Alunguli mikononi mwa watu. Tumbo lilikwama kwenye mdomo wa kivuko, wanaume wanane wakalibeba mpaka nchi kavu, Djo akiwa ameshika usukani kama anaendesha. Mlima unaanza pale pale, barabara ya udongo mwekundu inayopanda moja kwa moja mpaka duka la simenti. Edouard akakaa mwanzo wa mlima na kitambaa cha kuangusha gari liondoke. Naomie akasimama juu, dukani, na saa ya simu. Geneviève akaleta kiti chake, akakaa karibu naye.

Kwanza gari likapanda kama lilivyozaliwa, Djo peke yake ndani. Sekunde ishirini na moja. Nikataka tena, kwa sababu mara moja si kipimo. Ishirini na moja tena. Geneviève akaandika kwenye daftari.

Kisha nikafunga vipuri. Saa mbili nzima, juani, hapo juu mbele ya duka. Watu walinunua karanga za kuchemsha, wakakaa, wakapeana mawaidha. Kila bulonji, yaani bolti, niliyokaza, Geneviève alikuja kuinama na kuuliza ni ya nini, na nilipomwambia, aliniuliza tena kwa njia nyingine ili aone kama nitajibu sawa. Nilikuwa nimekasirika, nakiri. Lakini kusema kweli, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza maswali mazuri kama yale.

Djo alipowasha, mbwa watatu waliondoka Alunguli na sidhani kama wamerudi. Eshapema ile ilipiga kelele mpaka karanga zikaruka kwenye sahani. Umati ukashangilia. Nikamwona Geneviève akikaza uso, nikajua kwamba sauti hiyo anaifahamu. Akaweka daftari kwenye kiti, akafungua mlango wa gari.

"Nitapanda. Nitajua je shevo na mi nimesimama inje? Jeannette, kuya."

Jeannette ni jirani yake, mama wa kwaya, mwanamke mwenye mwili na sauti. Djo akaniangalia akiomba msaada. Msaada upi? Wazee wawili wa Alunguli wakitaka kupanda gari lako, wanapanda. Jeannette akaingia kiti cha nyuma kwa hatua nne, gari likashuka kiasi cha vidole vitatu, likateremka mpaka kwa Edouard, kitambaa kikaanguka.

Walipanda mlima wakinguruma, vumbi juu, Jeannette akiwaita watakatifu kwa majina. Ukisikiliza tu, ungeapa kwamba ni ndege. Naomie akabonyeza simu, akaiangalia, akaiangalia tena.

"Makumi mbili na mbili na nusu," akasema.

Joël akaruka. "Imepunguza! Mama Geneviève, umeona? Makelele yote ile, na imepunguza! Bomba ya papa haiongezake kitu!"

Geneviève akashuka, kilemba kimehamia sikioni. Akachukua daftari. Akasoma ishirini na moja, akaandika chini yake ishirini na mbili na nusu. Hesabu kwake ni hesabu, hata ikimuuma.

"Nimeona," akasema mwisho. "Nilikuwa ndani, nimeona na macho yangu. Bomba haiongeze kitu. Papa Tambwe, nilikuonea. Naomie, kitenge iko wapi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili anafunga mdomo. Mke wa mwanangu nilikuwa naye mkononi. Philomène alikuwa ameshaanza vigelegele. Na mimi niliangalia lile daftari, niliona namba ile ya uongo imeandikwa pale kwa mwandiko mzuri wa shule.

"Hapana," nikasema. "Ile hesabu haiko ya kweli."

"Papa!" Joël akasema.

"Mara ya kwanza Djo alikuwa peke yake. Mara hii mulikuwa watatu. Ni uzito njo ilipunguza, haiko bomba."

Geneviève akageuka polepole. "Unataka kusema niko muzito?"

"Niko nasema kila muntu iko muzito, mama. Weye na mama Jeannette, mumekula shevo yote ya Djo, na mukatafuta ingine."

Watu walicheka mpaka muuza karanga akakaa chini. Jeannette mwenyewe alicheka kuliko wote. Joël hakucheka. Alinishika mkono, akaninong'oneza kwamba kwa jina la Mungu ninyamaze, lakini nilikuwa nimeshamwambia Djo ashuke tena mpaka chini. Peke yake. Mara mbili.

Sekunde ishirini. Na tena ishirini.

"Sekunde moja ndani ya makumi mbili na moja," nikasema. "Kwa gari ya shevo mia na makumi ine, inafanya shevo saba. Njo hiyo. Haiko sufuri."

"Saba?" Djo akapiga ukelele. "Makatoni inaandika makumi munane na mbili! Zile zingine makumi saba na tano ziko wapi?"

"Zilibakia Dubai."

Sikumwangalia Joël. Nilimwangalia Geneviève, kwa sababu yeye alikuwa ameacha kuandika, na nilijua swali linalokuja. Mwalimu mzuri haachi swali hilo.

"Na kwa jeep ya komanda?"

"Tatu, mama. Labda ine."

"Basi ulimupa."

"Nilimupa."

Nikaona nimalize, kwa vile nilikuwa nimeshaharibu. Nikamwambia kwamba miaka ishirini na mitano nimewabeba hao watatu kichwani. Kwamba jeep, hata ikiwa mvivu, ni jeep, na baiskeli ni baiskeli, na kwa hesabu naona ingemfikia Edouard tu. Lakini kuna siku nikiwa peke yangu chini ya gari la mtu, hesabu hiyo inakataa kutulia, na ninajiuliza kama farasi wangu watatu ndio waliomshika. Nikamwomba msamaha. Sikuwa nimepanga kusema hivyo mbele ya wauza karanga.

Edouard alikuwa anapanda mlima toka chini na lile goti lake, mguu mmoja ukivuta mwingine. Alikuwa amesikia. Alifika akihema, bado anatabasamu kama kawaida yake.

"Papa Joël, usijisumbue," akaniambia. "Ile jeep niliisikia tangu kivukoni. Alunguli yote iliisikia. Nilikuwa nimeshafika mbali kwa mihogo."

Naomie akashusha simu. "Papa, kama ulikuwa umeshafika kwa mihogo, kule barabarani ulienda kufanya nini?"

"Nilirudia nyumbani. Nilisahau kitu."

"Kitu gani?"

"Aa, mutoto, kitu tu." Akacheka. "Ni zamani. Nani anakumbuka?"

"Hakusahau," akasema Geneviève.

"Yaya."

"Nyamaza, Edouard." Lakini sauti haikuwa ile ya kila siku. "Hakusahau kitu. Tulikuwa sisi wote wawili kwa mihogo, tumelala chini. Mi njo nilimuambia: Edouard, cherehani yangu imebakia nyumbani, wataiiba, rudia uichukue. Aliniambia, yaya, wako karibu. Nikamuambia, rudia. Akarudia. Akaifunga nyuma ya baiskeli. Jeep ilimukuta kwa barabara na cherehani yangu." Akapangusa macho kwa kiganja, kwa hasira. "Miaka makumi mbili na tano watu wanamuuliza, na anawaambia alisahau kitu. Hata siku moja hajasema kile kitu. Na mi nikisema ni shevo ya Karante, ninapata usingizi."

Edouard hakutabasamu tena. Alikuwa anaangalia upande wa mto.

Geneviève akanigeukia. Kwa mara ya kwanza aliniita kwa jina la mwanangu, kama watu wanavyoitana wakiheshimiana.

"Papa Joël. Weye unajua mambo ya uzito. Leo umetuonyesha. Ile cherehani ilikuwa ya chuma, na meza yake ya kukanyaga. Kilo makumi tatu na tano, nyuma ya baiskeli. Inapunguza mbio kadiri gani?"

Nilijua. Kabla hajamaliza kuuliza, kichwa changu kilikuwa kimeshapiga hesabu, kwa sababu ndivyo kilivyo na siwezi kukizuia. Barabara ya mchanga, mwezi wa saba, kamlima kale ka mwanzo wa njia ya Kalima. Karibu nusu. Mtu mwenye baiskeli tupu angekuwa ameshaingia kwenye mihogo tena kabla jeep haijakata kona. Watu wote walinisubiri. Joël aliniangalia kwa woga mtupu, maana ananifahamu.

"Haipunguze kitu, mama," nikasema.

"Haipunguze kitu?"

"Kwa zile baiskeli za zamani, za chuma, haipunguze hata kidogo. Ingemufikia hata kama alikuwa mikono mitupu."

Alifundisha hesabu miaka thelathini. Aliniangalia sana, na midomo ilimcheza kidogo, kama mtu anayegawanya kimoyomoyo. Kisha akamshika ndugu yake mkono, akamsaidia kukaa kwenye kile kiti chake.

"Naomie," akasema bila kugeuka, "baba mukwe wako amesimama kwa jua tangu saa sita. Leta viti."